Mwongoza Wageni na Boma la Tukuyu

Kijana wa Kinyala anayewaongoza wageni kwa miguu hadi kwenye boma la Tukuyu anafundisha siasa, atake asitake. Akisema tu kwamba Wajerumani walijenga hapa, amemkabidhi mkoloni jasho la wengine.

Mwaka 1893 Hermann von Wissmann alianzisha kituo cha Langenburg ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akakipa jina la ukoo wa kiongozi wa chama cha wapenda makoloni huko Ujerumani. Baadaye utawala ulihamia milimani, Tukuyu ikaitwa Neu-Langenburg. Kodi ya nyumba ilianza katika koloni mwaka 1898. Asiye na rupia alilipa kwa kufanyishwa kazi. Hapo ndipo mgeni aulizwe: mawe haya yalibebwa na nani? Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji. Bendera ikabadilika, kodi ikabaki.

Hadithi ya fedha za Wajerumani zilizozamishwa Ziwa Masoko huwavutia wageni (na huleta bakshishi). Isifichwe, ila iitwe hadithi. Wazee wasikilizwe, na maneno yao yapimwe na maandishi, ambayo mengi yaliandikwa na watoza kodi wenyewe.