Ile x ya Shuleni na Lori la Mahindi

Kikundi kikishavuna mahindi, kazi nyingine ni kuyafikisha sokoni. Wenye malori wanakuja na bei zao, kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo rahisi, na mara nyingi anayechaguliwa ni yule anayejua kuongea. Bwana Yesu alitaja mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Basi na tuketi.

Tuseme mwenye lori wa kwanza anataka shilingi 4,000 za safari, halafu shilingi 50 kwa kila gunia. Wa pili hataki pesa za safari, lakini gunia moja ni shilingi 130. Mwanachama mmoja atasema, "Hamsini ni kidogo, tumchukue wa kwanza." Mwingine naye, "Ati elfu nne kabla ya kupakia? Hapana!" Wote wawili wanaangalia upande mmoja tu.

Idadi ya magunia hatujaijua, kwa hivyo tuiite x. Gharama ya lori la kwanza ni 4,000 + 50x. La pili ni 130x. Kanuni ya namna hii, ambayo ukiipa idadi ya magunia inakurudishia bei moja tu, wanahisabati huiita funksheni. Ni kama mashine ya kusaga: unatia mahindi juu, unga unatoka chini. Sharti lake ni kwamba magunia 20 yasitoe bei mbili. Mwenye lori anayemtoza jirani yako bei nyingine kwa mzigo uleule na safari ileile hana kanuni, anatoza kwa kuangalia uso.

Sasa, ni magunia mangapi yatakayofanya bei hizo ziwe sawa? Andika hivi:

4,000 + 50x = 130x

Huu ndio mlinganyo. Uone kama mizani ya dukani: ukitoa kitu upande huu, toa kiasi kilekile upande ule, la sivyo italala. Toa 50x pande zote mbili. Kushoto inabaki 4,000, kulia 80x. Gawanya pande zote kwa 80. Unapata x = 50.

Usiamini bado, jaribu. Kwa magunia 50, lori la kwanza ni 4,000 + 2,500, yaani 6,500. La pili ni 50 mara 130, pia 6,500. Sawa kabisa. Kikundi chenye magunia 38 kitalipa 5,900 kwa la kwanza na 4,940 kwa la pili. Hapo shilingi 960 zinaokolewa. Chenye magunia 70 kigeuke: la kwanza 7,500, la pili 9,100.

Hesabu hii ni ya kale. Jina aljebra limetoka kwenye neno al-jabr, lililo katika jina la kitabu alichoandika Al-Khwarizmi huko Baghdad katika karne ya 9. Kwa Kiarabu neno hilo hutumika hata kwa kuunga mfupa uliovunjika. Yeye hakuwa na x. Aliandika yote kwa maneno, pamoja na mambo ya kugawa urithi.

Je, wa pili akishusha bei hadi 120? Sasa ni 4,000 = 70x, na x inakuwa 57 na kidogo. Gunia halikatwi, kwa hivyo mpaka magunia 57 mchukue wa pili. Kuanzia 58, mrudie wa kwanza.