Bildi, Mwangwi na Majina: Ramani ya Sakafu ya Bahari na Kazi ya Wanalugha

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini makala kuhusu sakafu ya bahari yaandikwe kutoka Nyacheki, katika nyanda za juu za Kisii, mahali ambapo bahari iko umbali wa zaidi ya kilomita 600 na ambapo maji ayaonayo mtu kila siku ni ya kijito kipitacho bondeni chini ya mashamba. Jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kijiografia. Vijito vya nyanda hizi humiminika katika mto Gucha, ambao Wajaluo huuita Kuja; mto huo huungana na Migori na kuingia katika Ziwa Victoria ukiwa umebeba udongo wa mashamba yetu. Udongo huo hauishii ufukweni. Hutua chini polepole na kuwa sehemu ya sakafu ya ziwa.

Sehemu ya pili ni ya kilugha, nayo ndiyo iliyonisukuma kushika kalamu. Mwanafunzi mmoja wa hapa aliwahi kuniuliza maana ya neno kipwa. Nilimjibu kama kamusi zijibuvyo, kwamba ni mwamba au fungu lionekanalo maji yanapokupwa na kufichika yanapojaa. Akatafakari kidogo, kisha akauliza, “Na vipwa hivyo, mwalimu, vimeandikwa wapi?” Sikuwa na jibu. Niliporudi nyumbani ndipo nilipotambua kwamba swali hilo ndilo linalowashughulisha wapimaji wa bahari duniani kote, na kwamba nusu yake ni swali letu sisi wanalugha.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi sakafu ya bahari inavyopimwa, kwa nini kazi hiyo haiwezi kufanywa na taifa moja wala fani moja, na ni kwa kiasi gani istilahi za Kiswahili zinahusika nayo.

Hapo kale kifaa cha kazi hiyo kilikuwa bildi, yaani kamba yenye pande la risasi mwishoni. Mtu alisimama omoni, akaitupa, akahesabu pima zilizozama. Na pima moja, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, ni karibu mita 1.8. Katika meli za Kizungu sehemu ya chini ya risasi ilikuwa na kitundu kilichotiwa mafuta mazito ya mnyama, ili kile kilichoko chini kinate: mchanga, tope au vipande vya matumbawe. Kwa hiyo bildi ilileta habari mbili kwa mara moja, kina cha maji na aina ya sakafu. Hivyo ndivyo nahodha William Owen wa jeshi la wanamaji la Uingereza alivyoipima pwani yetu kati ya mwaka 1821 na 1826, akiwa na meli za Leven na Barracouta, huku mabaharia wake wengi wakifa kwa homa. Fungu kubwa lililoko kaskazini ya Unguja lingali likiandikwa Leven Bank katika ramani. Wavuvi waliokuwa wakivua pale kabla ya meli hiyo kuzaliwa hawakuulizwa waliitaje.

Baadaye sauti ilichukua mahali pa kamba. Chombo kilichofungwa chini ya meli hutoa mlio, mlio hugonga sakafu, mwangwi hurudi, na muda uliopita hugeuzwa kuwa umbali. Sauti husafiri majini kwa mwendo wa mita 1,500 hivi kwa sekunde. Basi katika mkondo wa Pemba, wenye kina kinachokaribia mita 800, mwangwi hurudi baada ya sekunde moja na kidogo. Vyombo vya siku hizi havitoi mlio mmoja tu bali hueneza milio mingi kwa pamoja, mfano wa upepeo, vikafagia ukanda mzima wa sakafu kwa safari moja. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitazamii. Upana wa ukanda huo hutegemea kina. Penye mita 800 meli hupima ukanda wa kilomita mbili au zaidi. Penye mita 10 hupata mita 30 au 40 tu, na kila dakika iko katika hatari ya kupanda mwamba. Kwa hiyo sehemu za pwani zilizo karibu nasi, ambamo watu huvua, hupanda mwani na kuzamia, ndizo zenye gharama kubwa zaidi kupimwa.

Yafaa kukumbuka ukubwa wa kazi iliyobaki. Mwaka 1903, chini ya ulezi wa Mwana wa Mfalme Albert I wa Monaco, ulianzishwa mpango wa kuchora ramani moja ya vina vya bahari zote, nao unaendelea hadi leo kwa jina la GEBCO. Mwaka 2017 mpango huo ukishirikiana na shirika la Nippon Foundation la Japani ulitangaza nia ya kuikamilisha ramani hiyo ifikapo mwaka 2030. Wakati huo asilimia 6 tu ya sakafu ya bahari ilikuwa imepimwa kwa usahihi wa kisasa. Juni 2025 kiasi hicho kilikuwa kimefikia asilimia 27.3. Ongezeko hilo halikutokana na meli mpya peke yake. Kwa kiasi kikubwa lilitokana na watu kukubali kutoa vipimo walivyokuwa wamevifungia makabatini: makampuni, vyuo vikuu, majeshi na idara za serikali. Hata meli ya kawaida ya mizigo, mashua ya uvuvi pia, yaweza kuweka kumbukumbu ya kina kila ipitapo na kuitoa, mradi taifa lenye maji hayo limeridhia.

Msomaji asidhani kwamba picha zipigwazo kutoka angani zitaondoa taabu hii. Penye maji maangavu, kama ya Mafia au Kisite, mwanga wa jua hufika chini na kurudi, na kina cha mita kadhaa chaweza kukisiwa kwa picha. Penye tope haiwezekani. Mto Sabaki unapoingia baharini karibu na Malindi hugeuza maji kuwa ya rangi ya udongo, na Gucha hufanya vivyo hivyo kwa kadiri yake ziwani. Kwa maneno mengine, udongo unaotoka mlimani hufunika sakafu mara mbili: hukaa juu yake, na humzuia mpimaji kuiona.

Ziwa Victoria ndilo kielelezo cha karibu zaidi cha ushirikiano ninaoueleza. Kandokando zake zilipimwa na Kamanda Whitehouse, Mwingereza, mwishoni mwa karne ya 19, na kwa miaka mingi mabaharia waliendelea kutegemea ramani za kikoloni. Mwaka 1994 Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja. Kisha taasisi za utafiti wa uvuvi za nchi hizo tatu zikaanza kulizunguka ziwa pamoja zikihesabu samaki kwa mwangwi. Lengo lilikuwa samaki, sangara hasa. Lakini mwangwi hauna ubaguzi, humpita samaki na kugonga sakafu, na kina kikaandikwa pamoja na hesabu ya samaki. Kumbukumbu hizo, zilipokusanywa na kuunganishwa na vipimo vya ramani za zamani, zilitoa ramani mpya ya sakafu ya ziwa lote, ziwa lenye kina cha mita 80 hivi penye kina kikubwa zaidi. Hakuna nchi moja kati ya hizo tatu ambayo ingeweza kuipata peke yake, kwani sakafu haina mpaka.

Ama kuhusu lugha, suala ni hili. Ramani ya sakafu haikamiliki kwa tarakimu. Lazima kila umbo lipewe aina, na ikiwezekana lipewe jina. Na katika aina Kiswahili si maskini hata kidogo. Tuchukue kipwa tena. Katika ramani za mabaharia kina hupimwa kutoka usawa wa maji yanapokupwa kabisa, na sehemu zinazojitokeza juu ya usawa huo huandikwa kwa alama yake maalumu, kwa kuwa ndizo zinazovunja vyombo. Lugha nyingi huhitaji maneno kadhaa kuitaja sehemu ya namna hiyo. Kiswahili kina neno moja la silabi mbili, nalo limebeba ndani yake kitenzi kupwa, yaani kipimo chenyewe. Vivyo hivyo tuna kilindi, ambacho si kina tu bali ni mahali penye kina. Tuna fungu, hori na mlango. Mvuvi wa Mombasa akisema kwamba mahali fulani hapapitiki wakati wa maji mafu lakini hupitika wakati wa bamvua maji yakiwa yamejaa, amekwisha kutaja kina pamoja na majira yake, katika bahari ambayo maji yake hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi.

Lakini si kila neno lililo tayari kubebeshwa mzigo wa sheria. Mwamba hutumika kwa jiwe na hutumika pia kwa tumbawe lililo hai. Mvuvi hapotei, kwa sababu anapajua mahali anapopataja. Hakimu atapotea, endapo kanuni itakataza kutia nanga “juu ya mwamba”. Hapa ndipo mwanaisimu anapotakiwa kufanya kazi, wala si kwa kubuni neno jipya akiwa mezani. Padre Sacleux, ambaye kamusi yake ilianza kutoka mwaka 1939, alikusanya maneno ya bahari kwa wingi wa kushangaza, na A.H.J. Prins aliyafuatilia maneno ya majahazi huko Lamu katika kitabu chake cha mwaka 1965. Sisi tuliokuja baada yao tumeunda istilahi nyingi za isimu na fasihi, jambo jema. Ila kwa maoni yangu tumeiacha bahari kwa wageni. Hata neno nyanja, ambalo ni ndugu wa enyancha ya Ekegusii yenye maana ya ziwa au bahari, siku hizi wengi wetu tunalikumbuka tu tunapotaja nyanja za elimu.

Linaloweza kupotea hapa si maneno tu. Nchini Kenya, tangu kanuni za mwaka 2007, vikundi vya usimamizi wa fukwe vina sauti ya kisheria katika uvuvi wa mahali pao, na mikutano yao kwenye pwani huendeshwa kwa Kiswahili. Ofisa huja na ramani yenye rangi, akaonyesha eneo la kuhifadhiwa, eneo la bandari, eneo la uvuvi. Wazee huitazama. Hawaoni humo jina hata moja wanalolijua. Mtu hawezi kupinga wala kukubali mstari uliopitishwa mahali asipoweza kupatambua, na pasipo na jina kwenye ramani ni rahisi kudhaniwa kwamba hapana mwenyewe. Mataifa nayo huumizwa na mistari: Somalia ilipeleka shauri la mpaka wake wa baharini na Kenya katika Mahakama ya Kimataifa mwaka 2014, na hukumu ya Oktoba 2021 ilichora mpaka mpya ambao Kenya iliukataa. Huko hoja ziliandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa.

Hata hivyo yako mashaka ambayo sitaki kuyaficha. Jina la mahali pa kuvulia mara nyingi ni siri. Mvuvi hupapata kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, mbuyu na mnara kwa mfano, na huwarithisha wanawe. Mtafiti akilichapisha jina hilo pamoja na vipimo vyake, kesho meli kubwa itafika pale. Ndiyo maana ninapendekeza kwamba majina yakusanywe kwa idhini, yaandikwe pamoja na lahaja yake na maana yake na aina ya sakafu inayotajwa. Na pale mwenye jina anapotaka, mahali penyewe paonyeshwe kwa ukanda mpana, si kwa nukta. Wapimaji watalalamika kwamba hiyo si ramani kamili. Ni kweli, wala haidhuru. Wanafunzi wetu wa pwani wanaweza kuianza kazi hiyo Vanga au Lamu wakati wa likizo, kwa daftari na kalamu. Na wa huku wakateremka na Gucha hadi ziwani, wakawaulize Wajaluo na Waabasuba wanavyoyaita matope yaliyotoka kwetu.