Tofali Jekundu na Jirani Zake

Tanuru la matofali pembezoni mwa mji wa Kisangani, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni rundo la matofali yenyewe: mabichi hupangwa juu ya matundu ya kutilia kuni, rundo likakandikwa udongo nje ili moto usitoroke, kisha likachomwa kwa siku kadhaa. Likifunguliwa, wekundu hauko sawa. Yaliyokaa mdomoni mwa moto yametoka zambarau, mengine yameyeyuka uso na kung'aa. Ya katikati ni mekundu barabara, na ukiyagonganisha yanalia kama chuma. Ya pembeni yana rangi ya chungwa iliyopauka, na ukiyakwaruza kwa kucha unga hubaki kidoleni. Yote yalifyatuliwa kwa udongo wa shimo moja. Yaliyotofautiana ni joto na hewa. Mvua ya ikweta imeiosha ardhi hii kwa muda mrefu mno, ikachukua chumvi na sehemu kubwa ya silika, ikaacha chuma na alumini. Sehemu ya chuma hicho imeshikana na maji katika madini yaitwayo goethiti, ambayo rangi yake ni ya manjano hadi kahawia. Joto likipita nyuzi 300 hivi, maji hutoka na goethiti hugeuka hematiti, na hematiti ndiyo wekundu wa tofali. Moto ukikosa hewa, hematiti hunyang'anywa sehemu ya oksijeni yake na udongo huwa wa kijivu au mweusi. Vunja tofali lililochomwa harakaharaka, utauona moyo mweusi ndani yake.

Kwa hiyo mwenye nyumba anayebeba kipande cha tofali hadi dukani katika mtaa wa Makiso, apate kopo la rangi litakaloendana nacho, amebeba shahidi mmoja tu kati ya mamia. Na hata shahidi huyo akiwa mkweli, ushahidi wake hautoshi, kwa sababu rangi tunayoiona hutengenezwa nusu na kilichoko kando yake. Ninachotetea hapa ni kwamba tofali zuri liachwe kama lilivyo na rangi wapakwe jirani zake. Jirani wa kwanza si mlango wala dari. Ni ule mstari wa saruji unaopita kati ya tofali na tofali, ambao watu wengi humwachia fundi aamue anavyotaka.

Jambo hili lilichunguzwa vizuri zaidi mbali na matofali. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa utiaji rangi katika karakana ya Gobelins, Paris, ambako yalifumwa mazulia ya kutundika ukutani. Yalimfikia malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za karakana hazikukolea. Alizilinganisha na za mahali pengine, akaona hazina ila: weusi ulififia kwa sababu ya buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima juu ya sheria hiyo, kwamba rangi mbili zikikaa pamoja, jicho huzisukuma ziachane. Mtu anaweza kuihakikisha leo katika mitaa ya Mangobo au Kabondo kwa kipande cha karatasi ya kijivu. Kishikilie katikati ya ukuta wa matofali, na kijivu kitaanza kuelekea buluu na kijani, ingawa karatasi haikubadilika. Krimu hufanyiwa hivyohivyo: umanjano wake hupungua, ikaonekana nyeupe kuliko ilivyokuwa koponi. Nyeupe kabisa huwa baridi na kali, ikaukata ukuta vipande. Ndiyo maana fremu za madirisha zenye rangi ya ganda la yai hutulia kando ya tofali kuliko zile zenye weupe wa karatasi.

Lakini sheria ya Chevreul hugeuka pale rangi zinapokuwa nyembamba na za kupokezana. Mjerumani Wilhelm von Bezold, aliyechapisha kitabu chake cha rangi mwaka 1874, alionyesha kwamba michirizi myembamba haisukumani na jirani zake, huwaambukiza. Jaribu hesabu. Tofali lenye uso wa sentimita 20 kwa 10, likiungwa kwa saruji ya sentimita 2, linaacha karibu robo ya ukuta mzima iwe saruji. Robo hiyo ikipakwa chokaa nyeupe, matofali yenyewe huonekana yamepauka yakielekea waridi. Ikipakwa nyeusi, kama inavyopendwa, wekundu wote huzama. Ukichanganya saruji na mchanga wenye wekundu kidogo, au ukaiacha kijivu cha kawaida bila kuichora, tofali hubaki na rangi yake, na tofauti za tanuruni huonekana kama uzuri badala ya kasoro. Ukisimama upande wa pili wa barabara mistari huyeyuka kabisa machoni, ukaona rangi moja iliyochanganyika. Uamuzi juu ya mistari hiyo ya saruji una uzito kuliko kopo lolote la mlango, na hauhitaji pesa nyingi.

Anayejua gurudumu la rangi atapinga: kinyume cha nyekundu ni kijani, basi tupake mlango kijani. Kwanza, tofali si jekundu hasa. Ni chungwa iliyotiwa giza, na kinyume cha chungwa kimeegemea buluu. Pili, rangi mbili kinyume zenye nguvu sawa na mwanga sawa hutetemeka zinapokutana, na jicho huchoka. Na Kisangani ina kijani chake tayari. Migomba, michikichi na miembe ya uwanjani huuchuja mwanga kabla haujafika ukutani, na tofali lililo chini ya majani mazito huelekea kahawia. Uwanja unatoa kijani bure. Buluu iliyopauka yenye kijivu ndani yake ndiyo ningeichagua kwa mlango.

Kuna wanaosema mambo ya macho ni anasa, kwani shida ya Kisangani ni maji. Mji huu hupata zaidi ya milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, na tofali la tanuru la kienyeji hunywa maji kama sifongo. Wana haki, ila hoja yao inaniunga mkono. Tofali hukauka kwa kupumua kupitia usoni. Rangi ya mafuta huziba uso huo, huku maji yakiendelea kuingia kwenye nyufa na kupanda kutoka msingini. Yakikosa njia husukuma rangi ikatoa malengelenge, na chumvi zilizoyeyuka huganda nyuma yake zikibandua ngozi ya tofali. Ule unga mweupe unaojitokeza ukutani ni chumvi hizo. Hufagiliwa ukiwa mkavu, haufichwi kwa kupakwa. Chokaa ni habari nyingine. Hufyonza kaboni dayoksaidi ya hewani ikarudi kuwa jiwe lenye vitundu, na ukuta huendelea kupumua. Ni kweli kwamba huchafua nguo na hutaka kurudiwa, kwa hiyo mahali pake ni barazani na ndani. Chini kabisa, mvua inaporusha tope jekundu, ukanda wa kahawia ni busara ya mafundi ambayo hakuna kitabu cha urembo kinachoweza kuishinda.

Pingamizi la joto, kwamba tofali tupu hunyonya jua, halinitishi. Kisangani iko nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, jua la mchana liko karibu na utosi, na mzigo wake mkubwa hubebwa na mabati, si kuta. Pingamizi la heshima ni zito zaidi: wengi huona tofali tupu kuwa nyumba ya mtu aliyeishiwa pesa katikati ya safari. Pale ambapo ukuta wa nje ulijengwa kwa yale matofali ya pembeni yanayoacha unga kidoleni, nakubali bila ubishi: upigwe lipu, kwani mvua itaula. Lakini kulipiga lipu tofali linalolia kama chuma ni kununua saruji ili kuficha kitu ambacho tayari kimeshalipiwa kuni nyingi za msitu.

Ndani ya nyumba mti ndio jirani mkuu. Sapelli ina wekundu wake, na kando ya tofali hupotea. Mvule wenye udhahabu hujitenga vizuri. Afrormosia, mti wa misitu hii ambao biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa viumbe vilivyo hatarini, tangu 1992, huanza na manjano ya asali kisha hukolea kuwa kahawia, kwa hiyo usihukumiwe siku ya kununuliwa. Tena misumari ya chuma huuachia madoa meusi penye unyevu. Viti vya kekele, yaani henzirani, vyenye rangi ya nyasi kavu, na kitenge kimoja chenye buluu, vinatosha chumba kizima. Kitenge chekundu mbele ya tofali hulifanya tofali lionekane chafu.

Rangi ya majaribio ipakwe kwenye ubao mpana, si kwenye kadi ya dukani, na ubao ukae kando ya matofali mpaka jioni. Hapa magharibi ni fupi, dakika kama 20, na ndani yake hutokea kile alichokieleza Mcheki Jan Purkyně mwaka 1825: mwanga ukipungua, jicho huhamia kwenye chembe zisizoona nyekundu vizuri, nyekundu ikatangulia kuwa nyeusi huku buluu ikibaki. Ukuta wa matofali huzimika kwanza. Mlango wa buluu hubaki ukielea peke yake. Kisha taa huwashwa. Balbu ya zamani yenye waya hulirudishia tofali moto wake. Taa nyeupe ya bei nafuu, ambayo mwanga wake hauna nyekundu ya kutosha, hulifanya liwe na rangi ya ini, na krimu iliyopendeza mchana ikawa kijivu. Ubao utazamwe mara ya mwisho chini ya taa ileile itakayotumika, kabla kopo la pili halijafunguliwa.