Houdini: Alifungua kila pingu, akashindwa kuahirisha onyesho moja

Na Mwandishi Wetu

KILA mfanyabiashara anayevuka mpaka anajua hili: mzigo unaweza kuchelewa na bei inaweza kuanguka, lakini bado utarudi sokoni kesho. Jina likiharibika, hakuna wa kukukopesha wala wa kukungoja.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, alikuwapo mtu aliyezunguka Marekani na Ulaya akiwa hana bidhaa ya kuuza isipokuwa jina lake. Kazi yake ilikuwa kufungwa pingu, minyororo na makufuli mbele ya watu, kisha kujinasua. Aliitwa Harry Houdini.

Hilo halikuwa jina la kuzaliwa. Alizaliwa Budapest, Hungary, Machi 24, 1874, akaitwa Erik Weisz, mtoto wa rabi wa Kiyahudi. Mwaka 1878 mama yake alivuka bahari na watoto kumfuata baba, aliyekuwa ametangulia Marekani. Baba alipata kazi katika mji wa Appleton, jimbo la Wisconsin, kisha akaipoteza. Umaskini ukaingia nyumbani. Kijana aliuza magazeti, akapiga viatu rangi, na baadaye akakata vitambaa katika kiwanda cha tai mjini New York.

Alipoamua kuishi kwa mazingaombwe, alichukua jina la bingwa wa Kifaransa, Robert-Houdin, akaliongezea herufi moja mwishoni.

Biashara haikulipa haraka. Akiwa na mkewe Bess, waliyeoana mwaka 1894, alifanya maonyesho kwenye sarakasi na kumbi za bei rahisi, mara kadhaa kwa siku moja. Ilifika mahali akatangaza kuuza siri zake, na hakupata mnunuzi wa maana.

Mambo yalibadilika mwaka 1899 alipokutana na Martin Beck, mtu mwenye sauti katika kumbi kubwa za burudani. Beck alimshauri aachane na michezo ya karata na vitu vidogo vidogo, ashike pingu peke yake.

Polisi walivyomtangaza

Hapo ndipo ujanja wake wa biashara ulipoonekana. Akifika mji mpya, Houdini alikwenda kwanza kituo cha polisi. Aliwaomba askari wampekue, wamfunge pingu zao wenyewe na kumtia mahabusu, waandishi wa habari wakishuhudia. Akitoka, habari zilienea mji mzima, na jioni ukumbi ulijaa.

Mwaka 1900 alivuka kwenda London. Baada ya kuonyesha uwezo wake mbele ya polisi wa Scotland Yard, alipata kazi katika ukumbi wa Alhambra. Kutoka hapo akaingia Ujerumani, na mwaka 1903 akafika Urusi.

Ujerumani ndiko jina lake lilikojaribiwa. Ofisa mmoja wa polisi, Werner Graff, alimtuhumu gazetini kuwa ni tapeli. Houdini angeweza kufungasha virago na kwenda nchi nyingine. Hakufanya hivyo. Alimshitaki ofisa huyo mjini Cologne, ugenini, katika nchi ambayo polisi waliogopwa. Mwaka 1902 alishinda kesi.

Miaka miwili baadaye gazeti la Daily Mirror la London lilimletea pingu zilizotengenezwa na fundi wa Birmingham, aliyesemekana kuzihangaikia kwa miaka mitano. Machi 17, 1904, maelfu ya watu walijaa ukumbi wa Hippodrome. Katikati ya pambano Houdini aliomba afunguliwe kidogo ili avue koti. Akakataliwa. Basi alitoa kisu kidogo mfukoni, akakishika kwa meno na kulichana koti vipande vipande akiwa bado amefungwa. Baada ya zaidi ya saa moja, mikono ilikuwa huru. Wapo hadi leo wanaoamini kuwa pambano lile lilipangwa, lakini tiketi ziliendelea kuuzwa.

Vita na waigaji

Kama ilivyo sokoni, kitu kikitoka huigwa. Mwaka 1908 Houdini alianza kujifungia ndani ya debe kubwa la maziwa lililojaa maji, kifuniko kikipigwa makufuli. Waigaji wakalidaka. Alipobuni tangi la maji la kuning'inizwa kichwa chini, miguu ikiwa imebanwa, alitafuta kwanza ulinzi wa sheria. Mwaka 1911, huko Southampton, Uingereza, aliliigiza kama tamthilia mbele ya mtazamaji mmoja tu, ili apate hakimiliki. Umma ulilishuhudia mjini Berlin mwaka 1912.

Hakudai kuwa na majini. Alisema wazi kuwa ni ufundi: kuzijua kufuli, kuficha vifaa vidogo, mwili wa mazoezi na kuzuia pumzi. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuwaumbua watu waliojidai kuzungumza na wafu huku wakiwachuna wafiwa fedha.

Kufuli la mwisho

Oktoba 1926, mjini Montreal, Kanada, kijana mmoja mwanafunzi alimpiga ngumi kadhaa tumboni akipima uimara wake maarufu, kabla hajajiandaa. Maumivu yalimwandama, lakini alipanda treni kwenda Detroit, ambako tiketi zilikuwa zimeuzwa. Oktoba 24 alipanda jukwaani akiwa na homa kali. Kisha ndipo alipokubali kupelekwa hospitali.

Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka na sumu imesambaa tumboni. Madaktari wanabishana kama ngumi ndizo zilizosababisha, au zilimfanya tu adhani maumivu yale ni ya kawaida. Dawa za kuua bakteria kama penisilini hazikuwapo hospitalini wakati huo. Alifanyiwa upasuaji, na Oktoba 31 alifariki dunia akiwa na miaka 52.

Mtu aliyetoka katika pingu za polisi wa nchi nyingi hakuweza kujitoa katika ahadi ya onyesho moja. Wengi wetu tunamfahamu mtu wa namna hiyo: anaumwa, lakini gari limeshapakiwa na wateja wanangoja ng'ambo, hivyo anasema hospitali atakwenda akirudi. Houdini alilinda jina lake kwa kila njia, na jina hilo linaishi hadi leo. Onyesho la Detroit lingeweza kusubiri.