Kila Mti na Mahali Pake

Juma hili nataka tuzungumze juu ya elimu ambayo haimpatii mtu kazi ya ofisini, lakini kuikosa kunatutia hasara. Nayo ni elimu ya kuvijua viumbe vya mahali tunapoishi: mti huu unaitwaje, unaota wapi, na kwa nini hapa na si pale.

Kwa majuma manane nimekuwa mwanafunzi katika kozi ya namna hiyo, katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini ya Kenya. Darasa letu ni msitu wa mikoko. Tunaingia maji yakipwa, tunatoka yakianza kujaa. Walimu ni wawili: kijana aliyesomea misitu chuoni, na mzee aliyekata boriti tangu ujana wake. Wanafunzi ni wavuvi, akina mama wachuuzi wa samaki, walimu wa shule ya msingi na vijana waliomaliza masomo.

Wengi wetu tukiutazama msitu ule husema "mikoko", basi. Kumbe Kenya ina aina 9 za miti hiyo, na kila mmoja una tabia yake. Mlilana hukaa mbele kabisa, upande wa bahari, na mizizi yake huchomoza juu ya tope mithili ya vigingi. Wavuvi waliichonga wakapata maboya ya nyavu. Nyuma yake upo mkoko wenyewe, uliosimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao. Mbegu yake huota ingali mtini, ikawa kijiti kirefu cha kijani, kisha huanguka na kujichomeka topeni au kuelea mpaka ipate pa kushika. Ukienda juu zaidi utaukuta mkandaa, ambao gome lake lilitumika kutengenezea ngozi. Mchu nao huonekana mbele na hata nyuma kabisa, kwa kuwa unastahimili chumvi nyingi na huitoa kupitia majani. Lamba jani lake, utaamini.

Kijana alitueleza kwamba kila aina ina kiasi chake cha kufunikwa na maji. Mzee akaongeza: "Huku kwenye mikandaa, maji hufika bamvua tu." Ni jambo lile lile. Mmoja kalipata kitabuni, mwingine kalipata kwa miguu.

Sasa mtu atauliza, majina haya yana faida gani? Faida yake huonekana siku ya kupanda miti. Watu wengi hupenda kupanda mkoko kwa sababu mbegu yake ni rahisi kuokota na kuchomeka. Lakini ukipandwa mahali ambapo maji hukaa muda mrefu mno, mche hufa. Huko Ufilipino miche mingi ilipotea hivyo: jamii ya mkoko ilipandwa mbele kabisa, mahali penye asili ya mililana na michu. Fedha zilitumika, jasho lilimwagika, na msitu haukuota. Ndiyo maana mzee wetu hutuambia tutazame kwanza miche iliyojiotea yenyewe, ndipo tushike jembe.

Mfano mwema tunao hapa hapa Kwale. Katika ghuba ya Gazi, mikoko ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani. Watafiti walianza kuipanda upya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2013 wanavijiji wa Gazi na Makongeni walianza mradi wa Mikoko Pamoja, wa kutunza hekta 117 za msitu na kupata fedha kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo. Fedha hizo zimesaidia maji na shule, na mwaka 2017 mradi ulipewa Tuzo ya Ikweta. Kazi ya namna hiyo hudai kupima na kuhesabu miti, na asiyeweza kutofautisha mchu na mkandaa atahesabu nini?

Wasikilizaji, wazee wanaoyajua majina haya wanapungua, na jina likipotea hupotea pamoja na maarifa yaliyobebwa nalo. Hatuna haja ya kungoja jengo wala bajeti. Shule iliyo karibu na pwani na imwalike mzee mmoja na mtaalamu mmoja, watoto wachukue daftari, na ratiba ifuate maji kupwa na kujaa. Kwenu bara, mtapata msitu wenu, mto wenu na wazee wenu.