Kijivu si kijivu: Fundi wa redio za magari alivyonipa somo la tafsiri

Mwezi jana nilinunua redio mpya ya gari. Ile ya awali ilikuja na gari kutoka Japani, na wenye magari ya aina hiyo wanaijua adha yake: maandishi yote ya Kijapani, na masafa ya FM yanayoishia megahezi 90. Hapa kwetu stesheni zimetapakaa kati ya 87.5 na 108. Kwa miaka miwili nilikuwa nikisikiliza stesheni mbili tatu tu, nyingine nikizisikia kwenye matatu.

Redio hiyo mpya haikumaliza hata dakika moja. Kijana aliyenifungia mtaani aliziangalia nyaya za gari, akaziangalia za redio, kisha akaunganisha zilizofanana rangi. Mweusi kwa mweusi, wa manjano kwa wa manjano, wa kijivu kwa wa kijivu. Nilimsifu moyoni kwa utaratibu wake. Alipozungusha ufunguo, tulinusa plastiki inayoungua. "Imekufa," akasema, kana kwamba ilikuwa ikiugua tangu zamani.

Nilimpelekea maiti huyo fundi mwingine, karibu na barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Aliposikia kisa chote alicheka. "Mwalimu, hii gari na hii redio haziongei lugha moja." Nilidhani ananitania kwa sababu ya kazi yangu. Kumbe alikuwa akisema jambo ambalo wanaisimu wamelishughulikia kwa zaidi ya karne.

Redio nyingi zinazouzwa madukani hufuata mpangilio mmoja wa rangi. Waya wa manjano huleta umeme wa betri wakati wote, mwekundu huleta umeme ufunguo unapozungushwa, na mweusi ndio hasi, unaofungwa kwenye bodi ya gari. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni za spika nne. Toyota nyingi zina lugha yao. Humo umeme wa betri hupita katika waya wa bluu wenye mstari wa manjano, hasi ni ya kahawia, nao waya wa kijivu ndio unaopata umeme ufunguo unapozungushwa. Mweusi na wa manjano huenda kwenye spika ya nyuma kushoto. Kwa hiyo kijana wetu, kwa kulinganisha kijivu na kijivu, alipeleka volti 12 katika njia ambayo redio hutolea sauti ya spika ya mbele kulia.

Katika kitabu chake kilichotoka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake, Ferdinand de Saussure anaeleza kwamba uhusiano kati ya ishara na maana ni wa nasibu. Hakuna chochote katika rangi ya kijivu kinachoilazimu ibebe umeme au sauti. Ni makubaliano tu, na makubaliano ya Toyota si ya aliyeunda redio yangu. Wanaofundisha tafsiri huyaita maneno ya namna hii marafiki wa uongo: librairie ya Kifaransa ni duka la vitabu, lakini aliyezoea Kiingereza atakuapia kwamba ni maktaba. Mtafsiri akikosea hapo, anaaibika. Mimi nilikosa redio.

Fundi huyu hakuziamini rangi hata kidogo. Alitoa mita, akapima kila waya ufunguo ukiwa umezimwa, kisha akapima tena ukiwa umewashwa. "Hii iko na moto wa betri," alisema. "Hii nayo ni moto wa swichi." (Mimi ningesema waya huu, si hii, lakini mtu aliyeshika nyaya za gari lako hasahihishwi ngeli.)

Hapo ndipo nilipotega sikio. Sisi wateja tuna neno moja tu, moto, na tunaliridhia. Waya una moto au hauna. Fundi analigawa mara mbili, na mgawanyo huo ndio ufumbuzi wa malalamiko mengi ninayoyasikia kuhusu redio zilizofungwa ovyo. Ikiwa redio inasahau saa na stesheni kila unapozima gari, huenda moto wa betri na wa swichi umebadilishana nafasi. Katika baadhi ya magari ya Volkswagen hilo hutokea hata ukichomeka plagi inayoingia vizuri, maana nafasi hizo mbili zimepishana na za redio. Na ikiwa yote miwili imefungwa kwenye betri, ufunguo haulizimi tena dude hilo. Ukisahau kulizima kwa mkono, unaweza kuamka ukute gari haliwaki.

Kamusi zetu zinanipa kikuza sauti kwa ile ampu iliyofungwa chini ya kiti, na sina ugomvi na neno hilo. Ila sijawahi kumsikia fundi akilitamka, ilhali moto wa swichi, unaotamkwa kila siku, sijauona katika kamusi yoyote niliyonayo. Wanaounda istilahi wangeshinda hata siku moja tu gereji wangerudi na daftari limejaa.

Vitenzi pia. Mteja akisema tu kwamba redio ina kelele, fundi hana pa kuanzia. Spika inayokwaruza ukiongeza sauti huenda imechanika, au inasukumwa kupita uwezo wake. Sauti inayokatika barabarani penye mashimo ni waya uliolegea. Inayovuma ina habari nyingine kabisa, nami niliijua siku tatu baadaye, nilipompigia simu kuhusu redio ya pili niliyolazimika kununua.

"Inavuma ama inakwaruza?" akauliza.

"Inavuma."

"Ukikanyaga mafuta, inapanda na mguu?"

Nilikanyaga. Ilipanda.

"Basi ni hasi, mwalimu. Imeshikana na rangi, haijagusa chuma. Ilete nikwangue pale chini ya skurubu."

Nilimpelekea Jumamosi. Alikwangua, akakaza, akaniambia nikanyage tena.