Shamba la mbali: nani analichunga?

Ndugu msomaji unayekaa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, pengine uko na shamba kule mugini. Unafika siku ya posho moja kwa mwezi, ao wakati wa kupanda na kuvuna tu. Siku zingine, nani analichunga?

Mwizi wa udongo haji usiku. Anakuja mchana, anakata miti ya makala. Akiona hakuna anayeuliza, anarudi na jembe. Mwaka wa tatu amejenga nyumba, na wewe ndiwe unaitwa mgeni.

Anapenda zaidi shamba linalopumzika. Wazee wanajua kwamba udongo ukichoka, unauacha miti iote tena. Lakini mpita njia anaona pori, anasema: «Hii haina mwenyewe!» Basi shamba lipumzike, lakini alama zisipumzike.

Kwanza, mpaka uonekane. Panda mikonge ao miembe. Jiwe linahamishwa kwa usiku mmoja. Mwembe mkubwa hauhamishwi. Safisha njia ya mpaka mbele ya moto wa kiangazi.

Pili, tembea mpaka huo pamoja na majirani, shefu wa mugini, bibi yako na watoto. Siku ya mabishano hao ndio mashahidi. Baba akifa, mjane asiyejua mpaka ananyang'anywa upesi.

Tatu, tafuta karatasi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka udongo wote mikononi mwa Serikali. Neno la shefu ni la maana, lakini halitoshi mbele ya mtu mwenye sertifika. Sheria hiyo iliagiza pia kwamba mbele ya kutoa udongo wa mugini kufanyike uchunguzi, na wenye malalamiko wasikilizwe. Ukisikia wapimaji wamefika, usingoje mwisho wa mwezi: nenda, sema, andikisha.

Na wachimbaji? Sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inadai mwenye kibali amlipe mlimaji anayeharibiwa shamba. Hesabu miti na mimea yako ingali imesimama.

Ukimkuta mtu shambani, usishike panga. Muulize mbele ya jirani, kisha peleka neno kwa shefu, na mwisho tribinali. Pengine ni baba asiye na pa kulima. Mkiandikiana karatasi alime pembe moja na kukuletea kikapu cha mahindi kila mavuno, umepata mlinzi. Lakini mwandikiane mbele ya mashahidi, na muda utajwe.